Kuipeleka familia ufukweni: anza na saa za maji

Shule zikifungwa Desemba, familia kutoka Dodoma, Arusha, Mwanza na Nairobi hushuka pwani, na nyingi hufanya kosa lilelile. Wanafika Coco Beach, Dar es Salaam, saa 4 asubuhi wakiwa na hamu zote, wanakuta miamba mitupu na madimbwi, bahari yenyewe imesogea mbali. Wanakula, wanapiga picha, wanasubiri. Saa 9 alasiri watoto wamechoka na jua limewachosha zaidi, ndipo maji yanapoingia kwa kasi, na hapo ndipo wanapoachiwa waogelee. Siku imeendeshwa kinyume.

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hana sababu ya kulijua hili. Ziwa halijai na kupwa machoni pa mtu. Bahari ya Hindi kwenye mwambao wetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kupita urefu wa mtu mzima. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtakula nini au mtapanda gari gani, tafuta saa za maji. Mengine yote yatajipanga nyuma yake.

Kusoma maji

Maji huchukua saa 6 na dakika chache kupanda, kisha muda kama huo kushuka. Kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kama leo yamejaa saa 8 mchana, kesho yatajaa karibu saa 9 kasorobo.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu, mita 1 hivi au zaidi kidogo. Kutoka Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam kuna kanuni inayosaidia sana: siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 au 11, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa 4 au 5 asubuhi. Ndiyo maana wale wageni wa Coco Beach walikuta miamba. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa 4 na saa 6 mchana.

Kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani inatosha kukupa picha ya awali. Tarehe 1 na 15, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua. Kati ya tarehe 8 na 10, na tena kati ya 22 na 25, ni maji mafu. Familia yenye watoto wadogo ichague siku hizi za maji mafu ikiwa ina uhuru wa kuchagua: maji yanakuwepo asubuhi kabla jua halijawa kali, na hayakimbii wala kuvamia. Wanaotaka kutembea kwenye miamba na kuangalia kaa na viti vya pweza wachague asubuhi ya bamvua, lakini wajue kuwa siku hiyo kuogelea ni kwa alasiri.

Kalenda ni makadirio. Ukikosea siku moja umekosea dakika 50, na mwezi nao wengine huuona leo na wengine kesho. Thibitisha kwenye majedwali ya maji yanayotolewa na mamlaka za bandari, au kwenye programu ya simu. Hapo kuna mtego. Simu ikiandika 10:00 inamaanisha saa 4 asubuhi yetu, na 16:00 ni saa 10 alasiri. Familia zimefika ufukweni saa 6 mbele au nyuma kwa sababu ya kusoma namba bila kubadilisha. Hakikisha pia programu imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki na bandari iliyo karibu nawe, kwa sababu jedwali la Durban halitakusaidia kitu Bagamoyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya kupwa na kujaa, igawe mafungu 12. Katika saa ya kwanza tangu yaanze kupanda huongezeka fungu 1, katika ya pili mafungu 2, katika ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya mwisho 1. Bamvua ya mita 3.6 ina maana ya sentimita 30, kisha 60, kisha 90, 90, 60 na 30. Saa mbili za katikati ndizo za kuangalia: sentimita 90 kwa saa ni sentimita 15 kila dakika 10. Mtoto wa miaka 6 aliyesimama maji yakiwa magotini, ukimwacha nusu saa palepale maji yatakuwa yanakaribia kifua chake, naye hajasogea hata hatua moja. Na wale waliotembea hadi kwenye fungu la mchanga lililo mbali watakuta mkondo wenye kina umejaa nyuma yao, kati yao na nchi kavu. Anayekwenda fungu la mchanga aanze kurudi maji yanapogeuka, asisubiri yamfikie miguuni.

Muda bora wa kuogelea na watoto ni saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa. Yanasogea taratibu, na msukumo wake ni wa kuelekea nchi kavu, hivyo kinachoelea huletwa ufukweni. Yakishajaa na kuanza kupwa, msukumo hugeuka. Pale penye mwamba wa matumbawe mbele ya ufukwe, maji yote yaliyoingia hutafuta mlango wa kutokea, na karibu na mlango huo mkondo huvuta hata mtu mzima anayejua kuogelea. Pangeni kutoka majini nusu saa hivi baada ya kujaa.

Ufukwe upi

Fukwe hazifanani hata zikiwa jirani. Coco Beach iko mjini, haina kiingilio, ina mihogo ya kukaanga na msongamano, ila chini yake ni miamba na maji yakijaa siku ya upepo mawimbi ni ya kupiga. Ni pazuri kwa kukaa na kula kuliko kwa kuogelesha watoto wadogo. Kigamboni, kuanzia Mjimwema kwenda kusini, kuna mchanga mwingi zaidi. Bagamoyo maji yakipwa huenda mbali sana na kuacha tope la mchanga, kwa hiyo usiende bila kujua saa za maji. Unguja, upande wa mashariki kama Paje na Jambiani, bahari inaweza kurudi nyuma hata kilomita nzima, ilhali Nungwi na Kendwa kaskazini mnaogelea karibu saa yoyote. Mombasa, ufukwe wa umma wa Bamburi, na Diani kusini ya Likoni, zina mwamba mbele unaovunja mawimbi makubwa.

Msimu nao una neno. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huchafua bahari na kurundika mwani kwenye fukwe zinazotazama mashariki. Mwani haudhuru, unanuka tu na unawasha baadhi ya watoto. Kaskazi, Desemba hadi Februari, huleta joto kali. Wakati wa masika au baada ya mvua yoyote kubwa, kaeni mbali na midomo ya mito na mifereji kwa siku mbili hivi. Dar es Salaam, Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa nusu ya mji karibu na Daraja la Salenda, na maji hayo hayabaki palepale. Angalia pia tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Zikitolewa, siku hiyo watoto wacheze mchangani.

Ukienda ufukwe wa hoteli, piga simu kwanza uulize mambo matatu: kiingilio ni kiasi gani na kama kinarudishwa kwa chakula au kinywaji, kama mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu, na kama kuna mwokoaji. Sehemu nyingi haziruhusu chakula cha nje, na sufuria la pilau kuzuiwa getini ni namna mbaya ya kuanza siku. Fukwe nyingi za wazi hazina mwokoaji hata mmoja. Hesabu kwamba mwokoaji ni wewe.

Vya kubeba

Kwa watu 6, wakubwa 2 na watoto 4, maji ya kunywa yasipungue lita 10, na siku ya kaskazi beba 12. Soda hazihesabiki. Ongeza dumu la lita 10 la maji ya bomba kwa ajili ya kusuuza miguu na macho na kuogesha wadogo mwisho wa siku. Likiwa jeusi au la rangi nzito, liache juani: jioni maji yatakuwa ya vuguvugu.

Kwa barafu, usinunue vipande vinavyoyeyuka kabla ya saa 6. Gandisha chupa 4 za lita 1.5 usiku mbili kabla, ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu ili chupa isipasuke. Zipange chini na pembeni mwa deli, chakula katikati. Zikiyeyuka ni maji ya kunywa. Deli likae kivulini, lifunikwe kanga iliyoloweshwa, na vinywaji vya watoto viwekwe kwenye ndoo nyingine, maana deli linalofunguliwa kila dakika tano halipoozi chochote.

Nguo: kila mmoja na seti kamili ya kubadilisha pamoja na chupi, na seti moja ya ziada kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kanga 6 au 8 za zamani zinashinda taulo nzito kwa sababu hukauka upesi na mchanga hudondoka. Za kuogelea ziwe za kitambaa chepesi kinachobana mwili, kama taiti na fulana ya mikono mirefu. Dera, baibui, au kanga iliyofungwa kiunoni hunyonya maji, huwa nzito na hujizungusha miguuni. Mwanamke anayeogelea navyo yuko hatarini kuliko anavyodhani. Anayetaka stara ana mavazi ya kuogelea yaliyofunika mwili mzima, na yanauzwa Kariakoo na Mombasa vilevile. Na rangi ina maana kubwa. Mtoto aliyevaa nyekundu, chungwa au njano inayong'aa anaonekana kutoka mbali. Bluu na nyeupe hupotea kwenye maji na povu.

Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi hupakwa nusu saa kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa 2 na kila mtu anapotoka majini. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 30 kwa mwili mzima, yaani chupa ya mililita 100 inaisha kabla hamjazunguka familia yote. Ndiyo maana nguo na kivuli ndiyo kinga ya kwanza, losheni ni ya uso, shingo, masikio na juu ya miguu. Ngozi nyeusi nayo huungua, huchelewa tu kuonyesha. Mtoto mwenye ualbino akae kivulini kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri, na avae kofia pana, miwani na mikono mirefu muda wote. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipakwe losheni, asikae juani.

Vingine ni vidogo na husahaulika: kandambili kwa kila mtu (mchanga wa saa 7 unaunguza nyayo), viatu vya mpira vilivyofungwa kwa atakayekanyaga miamba, kibanio cha kutolea miiba, siki, chupa moja ya chai iliyojaa maji ya moto, bandeji, chumvi za kuzuia kukaukiwa maji mwilini, poda ya mtoto, na mfuko wa kurudishia taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, kwa hiyo beba vikapu na viroba. Upande wa Kenya, chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi fukweni tangu Juni 2020. Chukua chupa za kujaza tena, hata kwa barafu.

Mkiwasili

Kabla ya kutandika chochote tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Mkeka uwe juu ya mstari huo kwa hatua 5, na kama bamvua inakaribia ongeza, kwa sababu kila maji yatakayokuja yatapanda kuliko yaliyopita.

Kivuli cha mnazi ni kizuri kwa picha. Angalia juu kwanza: palipo na nazi zilizokomaa au makuti makavu yanayoning'inia usilaze mtoto. Mvinje ni bora, ila vitunda vyake vidogo vinachoma nyayo. Fagia eneo kwa tawi kabla ya kutandika. Kwenye ufukwe unaotazama mashariki, kivuli cha asubuhi huangukia upande wa bara na cha alasiri huangukia upande wa bahari. Mtahama angalau mara moja, kwa hiyo msipange vitu kana kwamba mnajenga.

Sikukuu ya Idi, Krismasi na Mwaka Mpya ufukwe hujaa watu, na watoto hupotea kila mara. Andika namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika, juu yake paka rangi ya kucha isiyo na rangi ili maji yasiifute. Waonyesheni wote alama moja isiyohama kama mnara, banda la rangi fulani au mti mkubwa, kwa sababu mtoto aliye majini husogezwa pembeni na mkondo bila kujua, akitoka anakuta watu wengine mahali alipodhani ni kwenu.

Majini

Kazi ya kuangalia watoto igawiwe kwa jina. Mkiwa watu wazima watano mmekaa mkekani mnapiga soga, kila mmoja anadhani mwingine anaangalia, na hakuna anayeangalia. Mmoja ashike zamu ya dakika 20, asimame, asiwe na simu mkononi, akabidhi kwa kusema waziwazi: "Shangazi, zamu yako, wako wanne." Anayepokea ahesabu vichwa kabla ya kujibu. Mtoto wa chini ya miaka 5 awe umbali wa kushikwa kwa mkono, hata kama maji yako kwenye kifundo cha mguu.

Anayezama hapigi kelele. Mdomo wake unapanda na kushuka usawa wa maji, kichwa kimeinama nyuma, mikono inabonyeza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi, na hajibu akiitwa. Inachukua chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa akipiga makelele kisha akanyamaza ndiye wa kukimbilia.

Tyubu za gari zinazokodishwa ufukweni ni za kuchezea, na maboya ya mikononi vilevile. Hakuna hata kimoja kinachookoa. Asubuhi mapema upepo wa umande huvuma kutoka bara kwenda baharini, na tyubu yenye mtoto ni tanga. Ifunge kamba ya mita 5, na kamba ishikwe na mtu mzima aliyesimama chini.

Akivutwa na mkondo, mtu asipambane kuurudia ufukwe moja kwa moja. Atachoka akiwa palepale. Alale chali aelee, apumue, kisha aogelee sambamba na ufukwe hadi mkondo uishe nguvu, ndipo aingie. Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko ya ziwani, na hilo linamsaidia anayetulia. Asiyejua kuogelea vizuri asimfuate kwa mikono mitupu. Mrushieni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko: linambeba mtu mzima, na karibu kila mama ntilie analo.

Akitolewa hapumui, anzeni kwa kumpulizia pumzi 5 mdomoni, kisha kukandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akiita gari. Msimning'inize miguu juu kumwaga maji wala kumbonyeza tumbo: muda unapotea na matapishi huingia mapafuni.

Mchangani pia kuna kikomo. Shimo lisizidi magoti ya mtoto mdogo kuliko wote, na kufukiana kuishie kiunoni. Mchanga mkavu huporomoka bila onyo na ni mzito mno kuondoa kwa mikono.

Chakula

Wali wa nazi na mboga za nazi huchacha upesi kwenye joto, hata ndani ya hotpoti, na hotpoti ya vuguvugu ndiyo mbaya kuliko zote. Kama lazima uwe wali, upikwe pilau asubuhi ileile, uingie kwenye hotpoti ukiwa wa moto kabisa, uliwe ndani ya saa 2. Siku yenye joto zaidi ya nyuzi 32 fanya saa 1. Chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, kuku aliyekaangwa akakauka, karanga, matango na machungwa huvumilia. Kachumbari ikatwe ibaki bila chumvi wala ndimu hadi wakati wa kula, vinginevyo inakuwa supu. Gawa kila kitu kwenye vyombo vya mtu mmoja mmoja nyumbani. Sahani kubwa ya pamoja upeponi ni pilau la mchanga.

Wengine wataona ni bora kununua hapohapo, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, chachandu na kachumbari ya Coco Beach ni sababu tosha ya kutopika. Uliza bei kabla dafu halijapasuliwa na kabla samaki hajatiwa mafutani. Samaki mzima wa kuagiza anaweza kuchukua saa nzima siku ya watu wengi. Chagua samaki mara mnapofika, lipa nusu, sema saa ya kuletewa. Pweza na ngisi waliokaa juani kwenye sinia waache.

Kuleni mkishatoka majini. Ndiyo maana saa za maji zinapanga pia saa ya chakula: maji yakijaa saa 5, mchana mwema ni wa kula saa 6 na kulaza wadogo hadi saa 9.

Vinavyochoma

Wanyama wa miiba mirefu myeusi hukaa kwenye miamba na majani ya bahari. Kanyaga mchanga unaouona, na viatu vya mpira visivuliwe. Mwiba ukiingia, loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa nusu saa, toa kwa kibanio ile mipande inayochomoza tu, na usichokonoe kwa sindano iliyookotwa kwenye begi. Siki husaidia kulainisha vipande vidogo. Vijana wa ufukweni watapaka utomvu wa papai bichi. Ni dawa ya siku nyingi pwani, ila isikaribie macho wala ngozi ya mtoto mchanga. Miiba iliyo kwenye maungio ni ya hospitali.

Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi. Buruta miguu badala ya kuinua, naye atakimbia. Akichoma, au ukikanyaga yule samaki anayefanana na jiwe, maumivu ni makali kupita kiasi: tumbukiza mguu kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45, yajaribu kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia, na uanze safari ya hospitali mguu ukiwa ndani ya ndoo. Ile chupa ya chai ilikuwa ya kazi hii. Yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayeelea na mwenye nyuzi zinazochoma: suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kadi au kibanio, kisha maji ya moto dakika 20. Maji ya bomba na kusugua mchanga huzidisha sumu. Mtu akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida, acheni vyote mwende hospitali.

Mkienda kisiwani

Dar es Salaam, boti za Mbudya huondokea Kunduchi, za Bongoyo huondokea Msasani. Visiwa vyote viwili viko kwenye hifadhi ya bahari tangu 1975. Kuna ada ya kuingia, na makombe na matumbawe hayachukuliwi. Kabla hamjapanda, kila mtu apewe jaketi okozi na watoto wapewe la saizi yao. Jaribu hivi: lifunge, mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litamtoka. Boti iliyojaa kuliko idadi yake iacheni iende, nyingine ipo. Ondokeni kabla ya saa 4 asubuhi na mkubaliane kurudi kabla ya saa 10, kwa sababu upepo wa alasiri huamsha mawimbi na safari ya kurudi ndiyo ya kutapika.

Kurudi

Anzeni kukusanya vitu saa moja na nusu kabla ya magharibi, si jua likizama. Giza huku huingia upesi. Wa Kigamboni wajue foleni ya pantoni jioni ya Jumapili. Daraja la Nyerere lina tozo lakini mara nyingi linawahi. Mchanga uliokauka mwilini usiusugue kwa kanga: nyunyiza poda, utadondoka wenyewe. Suuza macho, nywele na makunyanzi ya mapaja ya watoto, kwa sababu chumvi ikikaukia hapo usiku hawatalala. Masikio yainamishwe upande mmoja mmoja yajimwage, bila pamba ya kijiti.

Nyumbani, nguo zote ziloweke kwenye maji baridi kabla ya sabuni, maana sabuni haitoi povu kwenye chumvi. Zipu, miwani na vifungo vya deli visuuzwe usiku huohuo, na gari lipigwe maji chini, hasa kwenye magurudumu na breki.